Panga la Shoto

Siku ya kwanza ya kambi, kabla hata uji haujachemka, nyapara alitandaza turubai chini na kumwaga juu yake vyombo vyote vya kukatia: mapanga, mashoka, mundu wenye mpini mrefu, na visu vya jikoni vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Kazi yetu ilikuwa kufungua mkuza, yaani kufyeka njia nyembamba iliyonyooka katikati ya kichaka, ili mpimaji aliyetufuata nyuma na darubini yake ya miguu mitatu aone mbele bila jani kumziba. Kambi ile ilikuwa na sheria moja ambayo nyapara aliipenda kuliko usingizi. Ukishakiinua chombo kutoka kwenye turubai, ni chako mpaka mahema yang'olewe. Hakuna kubadilishana, hakuna kuazimana. Na chombo ndicho kazi yako. Mwenye panga anatangulia, mwenye shoka anashughulika na magogo, mwenye kisu anabaki jikoni kumenya.

Mimi nilitarajiwa kuchukua kisu. Hakuna aliyeniambia, lakini sikuhitaji kuambiwa, kwa sababu mpishi wa kambi ni mama yangu mzazi na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Alikwisha nitafutia ndoo ya kukalia, akaigeuza kifudifudi kando ya sufuria kubwa.

Sina ugomvi na viazi. Ugomvi wangu ni kupangiwa. Waliomaliza kambi wakiwa mbele ndio wanaoitwa kwenye kambi inayofuata, kila mtu kwa jina lake. Watu wa jikoni huitwa "na wengine". Nilikuwa nimechoka kuwa "na wengine".

Kisha kuna hili la mkono. Nina shoto. Nilizaliwa nayo kama nilivyozaliwa na pua. Nilipokuwa mdogo, mama aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kitambaa kila wakati wa kula, shuleni wakauchapa, na mpaka leo nikimpa mtu kitu kwa mkono huo wapo wanaokitazama kana kwamba nimewapa chura. Mkono wenyewe haukuwahi kujali. Wakiufungua tu, unarudi kazini.

Basi wanaume waliyavamia mapanga mapya, yale marefu yaliyokuwa bado yaking'aa mafuta ya dukani. Niliwaacha. Panga refu linapendeza likiwa limelala juu ya turubai. Ukiingia nalo kwenye kichaka chenye mimea ya kutambaa, linanasa kabla hujalizungusha, na ikifika saa sita bega lako linakuomba talaka. Mimi nilitaka la wastani, pana kuelekea nchani ili uzito wake ukusaidie kushuka, jembamba kiasi kwenye shingo. Nililipata chini ya mundu: kuukuu, jeusi, limeliwa na tupa la watu wengi. Nililitikisa kusikia kama mpini unacheza. Haukucheza. Nikaliinua, kwa mkono wangu.

"Binti," nyapara akasema, "hilo ni panga."

"Nimeliona."

"Visu viko huku."

"Navyo nimeviona."

Watu walianza kutazamana. Nyapara akakuna kidevu. "Mchagua jembe si mkulima," akasema.

"Ndiyo maana sijachagua jembe."

Aliyecheka zaidi ni mfyekaji mkongwe wa kambi, jamaa mrefu waliyemwita Twiga. Nyapara hakucheka, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe na mashahidi walikuwa wengi. "Haya," akasema. "Ila nikiona tone la damu, unarudi kwa mama yako." Mama alinimiminia uji bila kunitazama. Alinionea aibu, na aibu yake ilinichoma kuliko uji wenyewe.

Asubuhi ile nusura nimpe nyapara damu yake. Kila nilipopiga, panga liliteleza juu ya mti badala ya kuingia. Nilipiga kijiti cha unene wa kidole gumba, likaruka pembeni na kunichana suruali juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ngozi ilisalimika kwa bahati. Nyapara alikuwa nyuma yangu, kama walivyo manyapara wote siku usiyowataka.

"Ni mkono huo," akasema. "Tumia mkono wa watu."

"Hata huu una mtu."

Lakini nilijaribu wa kulia, sitasema uongo. Nilikata kama mtu anayefukuza nzi, na Twiga akaniomba kwa heshima zote nisimame mbali naye. Nikarudi kwenye shoto, nikawa nakata kwa hasira tu, na hasira haina makali. Nilianza kuiona ile ndoo iliyogeuzwa ikinisubiri.

Wakati wa mapumziko ndipo nilipolitazama panga vizuri, makali yake yakiwa usawa wa jicho. Lilikuwa limenolewa upande mmoja tu, ule wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa bapa tupu, haujawahi kuonja tupa. Nikaenda kutazama ya wenzangu yaliyoegemezwa kwenye gogo, yote yalikuwa hivyo hivyo. Kambi nzima ilinoa kwa namna moja, aliyowafundisha nyapara: unakaa, unalaza panga kwenye goti, unapitisha tupa upande wa juu, basi. Hugeuzi. Ni haraka, na kwa mkono wa kulia panga linaingia kwenye mti vizuri sana. Kwa shoto linatupwa nje, kuelekea mguu wa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa wote waliowahi kuyashika walikuwa na mkono mmoja wa aina moja.

Sikula mchana ule. Nilichukua tupa, nikalilaza panga kwa upande wa pili, nikaanza.

Twiga alikuja na sahani yake, akasimama akitafuna. "Unafanya nini, Shoto?"

"Ninalijulisha kwangu. Hatujatambulishwa."

"Nyapara akiona je?"

"Si ana macho? Ataona."

Aliketi akamaliza kula, akanitazama mpaka mikono yangu ilipokuwa myeusi kwa unga wa chuma. Kisha akanisogezea maji yake ya kunywa.

Alasiri panga likaingia. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuhangaika na chombo kisicho chake. Nilipiga, likaingia. Nikapiga tena kwa mshazari, kijiti kikaanguka kabla sijaumaliza mzungusho, na nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha Twiga akagundua jambo. Wafyekaji wetu hawakuwahi kwenda wawili sambamba, maana aliye upande wa kushoto hurusha panga lake kuelekea kwa mwenzake. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, wa nyuma akifagia tu alichoacha wa mbele. "Hebu njoo kushoto kwangu," akasema. Nikaenda. Panga lake likarukia kulia, langu likarukia kushoto, na katikati yetu pakabaki peupe. Tulikwenda hivyo mpaka mpimaji akatupigia mluzi kutoka nyuma kwamba tumsubiri, hajawahi kukimbizwa na mkuza.

Ungedhani nyapara angefurahi. Jioni, tuliporudi kambini, alinyoosha mkono. "Lete nilione." Alilitazama makali, akatafuta mti mdogo kando ya hema, akaupiga kwa mkono wake wa kulia. Panga likateleza, likagonga jiwe. Alijaribu tena, likateleza tena.

"Umeliharibu," akasema.

"Nimelinoa."

"Umeharibu panga la kambi. Mahema yakivunjwa, hili linarudi kwenye turubai. Nani atalishika?"

"Mimi."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

Hapo nadhani ndipo nilipomkera kweli, kwa sababu sikumpa nafasi ya kunihurumia. Alinirudishia panga, akasema polepole ili kila mtu asikie. Kabla chakula hakijapakuliwa, nilinoe upya kwa upande wa zamani, nimkabidhi, na kesho nikae jikoni. Nikikataa, asubuhi gari la maji likija, litaondoka na mimi.

"Sheria inasema nililoinua ni langu," nikasema.

"Sheria ni yangu."

"Basi ni yako. Usiiite sheria."

Hata Twiga alijikuta ana kazi kubwa ya kufunga kamba za viatu. Siwalaumu, kila mtu ana ugali wake wa kutetea. Lakini niliumia. Mchana kutwa walikuwa wamenywa maji wakipita kwenye njia niliyoifungua, na sasa hakuna aliyekuwa na ulimi.

Nilikwenda nyuma ya hema la jikoni, nikaketi kwenye ile ndoo yangu, panga magotini, tupa mkononi. Sikulitia tupa. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka na gari la maji. Afadhali nirudi nyumbani na aibu ya mkono wangu kuliko nibaki na sifa za mkono wa mtu mwingine.

Mama alitoka akijifuta kwa khanga. "Mpe panga lake," akasema. "Umekuja kufanya kazi, hukuja kushindana."

"Mama, nimefanya kazi. Muulize Twiga."

"Watu wanakusema."

"Wameanza leo?"

Akanyoosha mkono. "Nipe. Nitampelekea mimi, nimwombe. Atakusamehe kwa ajili yangu."

Nilimpa. Sikutaka, ila ni mama yangu, na sikuwa na nguvu ya vita viwili kwa siku moja. Akalichukua kwa mkono wa kulia, akaenda. Alipofika kwenye rundo la kuni akasimama. Palikuwa na matawi marefu ambayo mtu wa shoka hakuyafikia, na moto ulikuwa unataka kuni. Alipitisha kidole gumba kwenye makali, upande huu, upande ule. Akatazama huku na huku. Hakuniona, au alijifanya hamnazo.

Akalihamisha panga mkono wa kushoto.

Alipiga mara moja tu, kwa mshazari, bila hata kujiweka sawa. Tawi la unene wa mkono likaachana. Mama akalitazama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni na mgeni. Akapiga lingine, na lingine. Hakuwa anajifunza. Nilikuwa naujua mzungusho ule, ulikuwa wangu.

"Mama," nikasema.

Hakugeuka. "Unadhani ulianza wewe?" akasema. "Bibi yako alinipaka pilipili kwenye vidole vyote vya mkono huu. Ukijisahau ukajigusa jicho, basi siku imekwisha. Nilijisahau mara nyingi, mpaka nikaacha kujisahau. Wewe nilikufunga kitambaa." Alipangusa panga kwenye khanga yake, taratibu, pande zote mbili. "Nilidhani kitambaa ni huruma."

Nilikuwa na hasira naye ya miaka, na sasa sikujua niiweke wapi. Alikusanya kuni kwapani, akarudi motoni, na panga akaondoka nalo.

Foleni ya chakula ilipangwa kama ilivyo desturi ya kambi, nyapara wa kwanza, sahani mkononi. Nilisimama mwisho kabisa. Panga langu lilikuwa limeegemezwa kwenye sufuria kubwa, na mama alikuwa ameshika upawa kwa mkono wa kushoto. Mstari wote uliona. Ninajua, kwa sababu mazungumzo yalikatika.

"Panga limenolewa?" nyapara akauliza.

"Limenolewa vizuri," mama akasema. "Halitanolewa tena upande ule."

"Mama, hili ni jambo la kazi. Usiingilie."

"Sijaingilia. Panga lile pale, ukilitaka lichukue. Ukilichukua, chukua na upawa huu, upike. Gari la maji lina nafasi ya watu wawili."

Aliyasema kwa utulivu, kama anayetaja chumvi imekwisha. Nyapara akageuka kutazama foleni yake. Wanaume waliofyeka tangu asubuhi walimtazama na sahani tupu. Twiga akakohoa.

"Nyapara," akasema, "chakula kinapoa. Na kesho mimi siendi sambamba na mtu wa kulia."

Mama alikuwa amekwisha jaza sahani. Akamnyooshea kwa mkono wa kushoto, hakuusaidia na wa kulia, hakuinamisha kichwa. Nyapara aliutazama ule mkono muda mrefu. Ulikuwa mkono wa mwanamke mtu mzima, una madoa ya mafuta ya moto. Mwishowe akapokea.

"Asante," akasema kwa sauti ya chini.

"Sema yule wa mwisho asikie."

"Asante, mama," akasema nyapara kwa sauti, akaenda kukaa.

Foleni ikasogea. Kila mtu alipokea kutoka kwenye mkono ule ule, na hakuna aliyefanya mzaha. Zamu yangu ilipofika, sufuria ilikuwa imebaki ukoko, na mama alinikwangulia sehemu nzuri. Akanipa kwa kushoto. Nikapokea kwa kushoto. Tangu nizaliwe, ilikuwa mara ya kwanza mimi na mama kupeana kitu bila mmoja wetu kuomba radhi.