Miavuli Kumi na Miwili ya Trekta

Madereva wa shamba letu la ngano hawakuwahi kuliita lile paa dogo la trekta kwa jina lingine: ni mwavuli. Kitabu cha vipuri kilisema kanopi, meneja alisema kanopi, lakini dereva akija dirishani kwangu atasema, "Shikamoo Mama Fabiola, mwavuli wangu umeng'oka," na mimi nitajua anataka bati na nondo nne za kulishikilia juu ya kichwa chake. Miaka tisa nilitunza stoo ya shamba lile la serikali, kwenye tambarare chini ya Mlima Hanang, na miaka yote hiyo nilisema kama wanavyosema wao. Kwa hiyo Januari ya mwaka themanini na sita, nilipojaza fomu ya kuagiza vifaa kutoka Arusha, nikaandika bila kufikiri: miavuli, kumi na miwili, ya madereva wa trekta.

Nilikuwa nimechoka siku ile. Nisiseme uongo, nilikuwa nimechoka mwaka mzima. Na katika miavuli yote kumi na miwili, mimi nilikuwa nawaza mmoja tu, wa trekta namba saba, kwa sababu dereva wake ni Gervasi, mume wangu.

Paa la namba saba liliondoka na upepo mwaka uliotangulia, na tangu hapo Gervasi alilima na kuvuna juani. Jicho la kushoto likawa jekundu, kisha likaota nyama. Daktari wa macho aliyepita Katesh alimwambia wazi kwamba ni jua na vumbi, na kwamba asipopata kivuli jicho litafunga, halafu lile la pili nalo litafuata. Gervasi akamjibu kwamba kwenye ngano hakuna miti. Kuacha trekta hakutaka kulisikia. Huyu mtu alitoka Gendabi akichunga mbuzi wa baba yake, shamba likamfundisha kazi, na leo akipita kwao wazee wanamwita Dereva. Ukimwondoa juu ya trekta umemwondolea na jina. Basi nikasema sawa, kama hashuki, angalau nimpatie paa.

Lori la Arusha lilikuja Februari, kupanda kumeanza. Nilifungua boksi mwenyewe. Ndani mlikuwa na miavuli kweli, ile ya wazee, mirefu, kitambaa cheusi kizito, mpini wa mti uliopinda. Kumi na miwili. Karani wa huko alisoma nilichoandika na kuniletea nilichoandika, sina wa kumlaumu.

Nilikaa juu ya tairi bovu nikacheka, halafu nikataka kulia. Bwana Didas, msimamizi wa mitambo, mtu wa Rombo, alikuja kuangalia mzigo akatoka nje haraka. Nikamsikia akikohoa nyuma ya ukuta, na najua hakuwa na kikohozi. Tukajaza fomu upya, safari hii kwa Kizungu cha kitabu. Akaniambia nisitegemee kitu kabla ya Aprili. Mbegu hazingoji Aprili.

Mchana ule niliitazama ile miavuli, nayo, nikiri, ilikuwa mizuri. Baba yangu kule Dongobesh alikuwa nao mmoja hivyo hivyo. Aliutundika nyuma kwenye kola ya koti, mvua iwepo isiwepo. Aliutumia kama fimbo, aliwafukuzia mbwa, na alionyeshea mpaka wa shamba wakati wa kugombana na majirani. Kuufungua aliufungua mara chache sana, maana aliogopa utachakaa. Siku hizi mwavuli unajikunja unaingia kwenye mkoba, na ukivuka mto mmoja tu umeshavunjika mbavu. Ule wa zamani ulikuwa na heshima yake. Mtu akiwa nao unajua anakwenda mahali.

Na nikaangalia rafu zangu. Waipa, vioo vya pembeni, mikeka ya mpira, honi, kava za viti. Dereva wa meneja alikuwa amekuja asubuhi ile ile kuchukua kava jipya la usukani, la manyoya, eti mikono inateleza. Gari la meneja lina nguo nyingi kuliko mimi. Lina pazia la kuzuia jua kioo cha mbele, lina pazia dirisha la nyuma, na aliyemo ndani ana kofia. Hayo yote yalikuja kutoka Arusha bila kukosewa hata herufi. Nilichukia, na chuki yenyewe ilikuwa ya mtu aliyechoka. Haikunisukuma kufanya lolote ila kutafuta waya.

Nikaandika kwenye daftari kwamba mwavuli mmoja umeazimwa na trekta namba saba, nikaenda kuufunga mwenyewe. Niliuzungushia waya kwenye nguzo ya kiti, mara nane. Gervasi alisimama pembeni amenuna.

"Mama Fabiola, unataka nifanane na bibi harusi?"

"Nataka uone."

Akapanda.

Madereva wenzake walimtania wiki nzima. Hermani wa namba tatu alimuuliza mahari imeishia wapi. Mwingine alipiga vigelegele kila namba saba ilipopita karibu na kambi. Gervasi aliwajibu kwamba wanaona wivu, kwa kuwa hawajawahi kupendwa. Mimi nilisikia hayo nikafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nililala vizuri, nikijua kuna kitambaa cheusi kati ya mume wangu na jua.

Jumatatu iliyofuata upepo ulivuma tangu asubuhi. Nikaogopa waya umelegea. Saa sita nikafunga stoo, nikachukua chakula chake, nikafungua mwavuli mwingine kwa ajili yangu, maana jua lilikuwa kali, nikakata shamba kumfuata. Nilimwona kwa mbali anakuja, vumbi nyuma yake, mashine ya kupandia ikiruka ruka. Mwavuli wake ulikuwa umesimama vizuri. Nikasogea mpaka ukingo wa mahali palipopandwa, mkono wake wa kushoto, nikasimama. Nikainua mwavuli wangu juu na kuupunga.

Mtu mzima, na mwavuli mweusi, katikati ya uwanda usio na kichaka. Hata ng'ombe wangeshtuka.

Trekta halikupunguza mwendo. Nilipiga kelele, mngurumo ukazimeza. Nikaruka nyuma, gurudumu likapita hatua moja kutoka mguuni kwangu, na bomba la mashine likanasa mwavuli wangu likauburuta. Nilianguka na chakula kikamwagika. Gervasi alikuwa anatazama mbele, ametulia, midomo inatembea. Alikuwa anaimba.

Alikwenda mpaka mwisho, akageuza. Aliporudi, nikiwa sasa upande wake wa kulia, aliniona mara moja. Akasimamisha, akatabasamu.

"Umefika saa ngapi?"

Nilimwonyesha mwavuli uliokuwa umening'inia nyuma ya mashine, mbavu nje. Aliutazama. Kisha akazima injini.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya Krismasi."

Kabla ya fomu. Kabla ya boksi, kabla ya waya.

"Nimehangaikia kivuli cha jicho lililokwisha kufa, Gervasi. Umeniacha nifunge waya."

"Ulikuwa na furaha ulipokuwa unafunga," akasema. "Sijakuona hivyo siku nyingi. Nikashindwa kukwambia."

"Na mistari unaipigaje?"

"Nafuata alama ya gurudumu la kulia. Kushoto nabahatisha."

"Juzi kina mama walikuwa wanaokota mawe upande gani?"

Sote wawili tulijua ni upande gani. Binti yetu Fabiola alikuwa miongoni mwao.

Nikamuuliza jicho la kulia likoje. Akasema limeanza kuwasha asubuhi asubuhi. Hapo hasira yangu ikaisha, nikabaki naogopa tu. Alishuka taratibu, akitafuta ngazi kwa mguu, na mimi niliyekuwa nikimwona akishuka kila siku sikuwahi kugundua kwamba anaitafuta. Alikaa kwenye udongo.

"Nenda kamwambie Didas," akasema. "Nenda wewe. Mimi nikimwambia nitalia mbele ya watu."

Nilikwenda. Njia ni ndefu kutoka kule, na sikuwa na haraka. Didas alikuwa karakana, mikono ina grisi, uso unacheka. Kabla sijafungua mdomo akaniambia Arusha wamepiga redio, kanopi zimepatikana, lori linapakia kesho.

"Ya kwanza nimekuwekea ya namba saba, Mama Fabiola. Nimeandika mwenyewe, hakuna atakayeigusa."

"Asante," nikamwambia. "Iweke hiyo hiyo namba saba. Itamfaa dereva mpya."

Akafuta mikono, akaniuliza dereva mpya yupi. Nikamwambia.