Viatu vya Dorika Mnadani

Lukresia aliviona viatu vya binti yake juu ya meza ya sadaka, kati ya debe la mbaazi na jogoo aliyefungwa miguu, na kwa kitambo hakuyaamini macho yake. Ilikuwa Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno. Kanisa la Maisaka lilijaa hadi wengine wakasikiliza ibada kutoka madirishani, na akina mama walikuwa wakipanda mbele mmoja mmoja na mahindi na maboga yao. Lakini viatu vile asingeweza kuvifananisha na vingine. Vilikuwa vyekundu, vyepesi, na vimisumari chini ya soli, vile wanariadha wanavyoviita spaiki. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe, na aliyekishona ni yeye Lukresia, kwa mkono wake.

Aliyeviweka pale alikuwa bado amesimama mbele, suti ya kahawia imenyooka pasi, mikono ameikunja kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alikuwa mumewe, Elineema, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mavuno.

"Wapendwa, Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mwezi wa kwanza mtoto wangu Dorika alilazwa, homa ya matumbo. Wengi mlikuja kumwona. Ilifika siku daktari akatikisa kichwa. Mimi nikatoka nje, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikamwambia Mungu, Baba, ukiniachia mtoto huyu, nitakutolea kitu anachokipenda kuliko vyote. Mungu ametenda. Leo nalipa nadhiri yangu."

Kanisa likalipuka vigelegele. Mchungaji Amos akavua miwani, akafuta machozi. Mama aliyekaa jirani na Lukresia akamkumbatia, akamwambia kwa kweli amebarikiwa kupata mume wa namna ile. Lukresia alikaa kama gogo. Nadhiri gani? Miezi saba wamelala kitanda kimoja na hakuwahi kusikia habari ya nadhiri yoyote. Usiku tisa alilala yeye kwenye sakafu ya wodi, khanga chini na khanga juu, na Elineema alikuja mara tatu, mojawapo na wazee wenzake ili waombe kwa sauti.

Na angalau angechagua wiki nyingine. Kesho yake, Jumatatu saa mbili asubuhi, mkoa ulikuwa unachagua wanariadha wake pale uwanja wa Kwaraa. Mwalimu Damiani, aliyemfundisha Dorika kukimbia tangu darasa la sita, alishaeleza kila kitu mara mbili mbele ya wazazi wote wawili. Mita elfu tano, wasichana kumi na wanane. Wa kwanza na wa pili wanaingia kambi ya taifa. Wa tatu anarudi kwao akapalilie. Elineema alikuwepo, alikunywa chai, akaitikia kwa kichwa. Viatu vyenyewe Dorika hakununuliwa na mtu. Alivishinda kwenye mashindano ya kanda, akiwaacha nyuma wasichana wenye makocha na maji ya chupa, na alipovileta nyumbani alilala navyo kando ya mto kama mtoto mchanga.

Dorika alikuwa mstari wa mbele wa kwaya ya vijana. Wenzake waliendelea kuimba, yeye aliacha. Hakumtazama baba yake. Alivitazama viatu tu.

Ibada ilipokwisha watu wakamiminika nje kwenye mnada. Huo ndio utaratibu wa mavuno. Kila kilichotolewa madhabahuni kinanadiwa uwanjani, mtu ananunua boga kwa bei ya mbuzi kwa sababu ni la Bwana, watu wanacheka, kanisa linapata bati. Lukresia alimshika mumewe mkono wa koti, akamvuta hadi nyuma ya mnara wa kengele.

"Baba Dorika, umefanya nini?"

"Nimelipa nadhiri."

"Kwa viatu vya nani?"

"Usinipandishie sauti mahali hapa." Elineema alitazama huku na huku. "Nadhiri ni nadhiri, Mama Dorika. Usipoilipa, Mungu mwenyewe anakuja kuichukua. Unataka arudi kwenye kile kitanda? Unataka?"

Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Lukresia aliona kwamba mwanamume huyu anaogopa kwelikweli, kwamba kwa miezi saba kila Dorika akikohoa yeye alikuwa anahesabu siku. Mwanamke mwingine labda angemhurumia. Lukresia alizidi kuchemka, maana mtu mwenye hofu kiasi kile angeweza kumwambia mkewe.

"Kama ulikuwa na shida na Mungu, mbona hukutoa cha kwako?"

"Mimi ni baba yake. Cha mtoto ni changu."

"Na kesho anakimbia na nini?"

"Ana raba za shule. Mungu akipenda atashinda hata peku." Akajinyoosha tai. "Niache, watu wananisubiri."

Akaenda. Na kweli walikuwa wanamsubiri, wakampigia makofi alipotokeza.

Mnadi alikuwa mzee Yoakimu, fundi wa maneno, ambaye angeweza kumuuzia mtu shati alilovaa mwenyewe. Alishauza jogoo, akauza alizeti, akauza mayai sita kwa bei ya kuku wake. Kisha akainua viatu juu, kimoja kila mkono, akajifanya anakimbia pale pale alipo. Watu walicheka hadi wakashikana mabega.

"Ndugu zangu! Viatu vilivyotoka katika bonde la uvuli wa mauti! Nani anaanza?"

Aliyeanza ni Venance mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, mtu asiyependa kupitwa na jambo lolote lenye watazamaji. Alisema atampelekea binti yake Scholastica, anayesoma bweni Arusha.

"Scholastica anakimbia?" mtu akauliza.

"Hakimbii, lakini ataanza."

Wakacheka tena. Lukresia alipenya katikati ya watu hadi mbele. "Mzee Yoakimu, shikamoo. Naomba uviweke chini. Hivyo viatu ni vya mtoto, na kesho ana mashindano."

"Marahaba, Mama Dorika! Kama unavitaka, ongeza dau! Kutoa ni moyo, si utajiri!"

Umati ukaitikia methali ile kama wimbo. Lukresia hakuwa na kitu, alichokuwa nacho alishakitumbukiza kwenye kikapu asubuhi. Alimtafuta Mchungaji Amos kwa macho, akamwona kwenye kiti cha kivulini na soda mkononi, anatabasamu. Alimwona na Dorika, amesimama na joho la kwaya bado mwilini, mikono imeshikana nyuma. Mtoto amelelewa vizuri. Alifundishwa kwamba kitu kikishafika madhabahuni hakiguswi, na ndiyo maana hakulia wala kusema neno. Lukresia alipofikiri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, masikio yakaanza kumvuma. Akageuka, akatoka langoni.

Kwao palikuwa karibu, mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wenye beti nyingi. Alikwenda mbio mbio, vumbi likimpanda kwenye gauni la sikukuu, na njia nzima alikuwa anajibizana na mtu asiyekuwepo. Alizaliwa Dareda, Mkatoliki mtoto wa Mkatoliki. Alipoolewa, Elineema na baba yake Lukresia walikaa na wazee wakaafikiana kwamba mke anafuata kanisa la mume, na Jumapili iliyofuata yeye akasimamishwa Maisaka mbele ya watu, akapokelewa. Rozari aliyopewa na bibi yake, Elineema alimwambia airudishe kwao. Akairudisha. Hata siku ile ilisemwa kuwa ni kumpa Mungu, na hata siku ile aliyetoa hakuwa mwenye kitu.

Zizini alisimama Jenerali. Huyo alikuwa maksai wa kulimia, mweusi, paji jeupe, ambaye Elineema alimwogesha kwa sabuni ya mche na kumtaja kwa wageni kabla hajamtaja mke. Jirani walikuwa wanatania kwamba nyumba ikiungua mzee atamtoa Jenerali kwanza, halafu aulize habari za watu. Lukresia alifungua kamba. Maksai akamfuata taratibu, mpole, anacheua.

Alipoingia langoni mwa kanisa mzee Yoakimu alikuwa ameshalitaja dau la mwisho mara ya pili, mkono uko juu, Venance ameshaanza kutoa pochi. Watu walipisha. Ng'ombe hapiti katikati ya mnada bila kupishwa.

"Bwana asifiwe!" Lukresia alisema.

"Amina," wakajibu, nusu wakicheka.

"Na mimi nilikuwa na nadhiri. Mwezi wa kwanza, pale sakafuni wodini. Nilimwambia Mungu, ukiniachia mtoto huyu, nitakutolea kitu ambacho mume wangu anakipenda kuliko vyote. Nimekileta."

Kigelegele kimoja kilipanda, kikafuatwa na vingine. Mzee Yoakimu aliviweka viatu kwenye meza, akapangusa mikono, akamzunguka Jenerali kama mkwe anayekagua mahari. "Haijawahi kutokea! Maksai mzima! Ndugu zangu, huyu hatuanzii chini—"

"Weka chini kamba hiyo!"

Elineema alikuwa anakuja, tai imekwenda begani. "Weka chini! Ng'ombe huyu ni wangu! Nimemnunua mimi, nimemfuga mimi! Nani amekuruhusu? Mtu anamtolea Mungu kilicho chake, hatoi cha mwenzake!"

Alisema kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo, na uwanja mzima ukasikia. Vigelegele vikakatika. Mzee Yoakimu alitazama viatu, akamtazama ng'ombe, akarudi nyuma hatua moja. Katika kimya kile bibi Genoveva, mjane anayekaa benchi la mwisho, akasema kwa upole kabisa, "Mkuki kwa nguruwe mtamu." Nusu ya pili hakuisema, na hakuna aliyeihitaji.

"Rudia, Baba Dorika," Lukresia alisema. "Mchungaji alikuwa mbali, pengine hakusikia."

Mchungaji Amos alikuwa amesikia. Alikuja akiwa ameiacha soda yake. "Mama Dorika, tusifanye haya mbele ya watu. Twende ofisini, tuongee kwa upendo."

"Yalifanywa mbele ya watu, Mchungaji. Wewe ulivua miwani ukafuta machozi. Ulimuuliza mtoto? Kuna mtu yeyote hapa, katika wote hawa waliopiga makofi, aliyemuuliza mtoto?" Sauti yake ilipasuka, na hakujali. "Alikuwa pale, hatua kumi! Ana miaka kumi na saba, ana mdomo!"

Mchungaji hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea ibada iishe vizuri. Akamgeukia Dorika, akamwita kwa mkono, na msichana akaja na joho lake hadi penye meza.

"Dorika. Viatu ni vyako. Unavitoa, au huvitoi?"

Ni watu wazima wangapi wangeweza kulijibu swali hilo, siku ya mavuno, mbele ya usharika mzima na baba mzazi? Dorika alimtazama mama yake, na Lukresia akajizuia hata kupepesa jicho, maana hilo nalo lingekuwa kumjibia.

"Sivitoi, Mchungaji."

Minong'ono ikaanza. Venance akarudisha pochi mfukoni, akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa anatania. Dorika akavichukua viatu mezani, akaviweka chini ya kwapa.

"Haya," Elineema alisema. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Haya. Umemnyima Mungu. Kesho ukianguka pale uwanjani, usije kwangu kulia kwamba Mungu amekuacha."

"Nikishindwa, baba, nitakuwa nimeshindwa na miguu ya wenzangu," Dorika alisema. "Mungu mimi namwomba kila asubuhi kabla sijakimbia. Hajawahi kuniambia anataka viatu."

Elineema akageuka, akaingia kanisani peke yake, wala kamba ya Jenerali hakuigusa. Mchungaji akamfuata ndani. Mzee Yoakimu alikohoa, akainua boga, akaanza kulinadi kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo Lukresia ndiye aliyemrudisha ng'ombe nyumbani. Dorika alitangulia na viatu vyake, mwendo wa haraka, kwa sababu Mwalimu Damiani alimwagiza siku hiyo apumzike. Njiani watu aliokutana nao walimwamkia, lakini hakuna aliyesimama kuongea. Lukresia alijua nyumba anayoiendea. Kungekuwa na wiki za kununiwa, kungekuwa na wazee watakaokuja kuketi, na Dorika akikohoa hata kidogo macho yangegeukia kwake. Alijua pia kwamba hakuwahi kuweka nadhiri yoyote sakafuni pale wodini, na kwamba alisimama mbele ya kanisa akasema uongo kwa jina la Mungu. Huo uongo angeuungama Jumapili ijayo, na angeuungama kwa moyo wake wote. Lakini hasira yake, hapana. Miaka kumi na minane alikuwa akiitubu kila Jumapili pamoja na dhambi nyingine, akidhani ni dhambi. Akavuta kamba, maksai akaongeza mwendo.