Breki ya Mbele

Nilianza na kebo, kwa sababu ndiyo niliyoichukia kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki ile. Ilikuwa imeviringishwa kwenye usukani, ncha yake ikining'inia bila kazi, imefungwa kwa kipande cha mpira. Niliukata mpira kwa kisu nikautupa sakafuni, nikaichomoa kebo nzima na kuitupa hapohapo. Miaka sita ilikaa hivyo tangu mdogo wangu afe nayo, na kila nilipoiona nilimsikia Baba akisema, "Ya mbele ni muuaji."

Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho ya gereji yetu. Baba akiwa kijana alibana breki ya mbele kwenye changarawe, akaruka juu ya usukani na kuacha meno mawili barabarani. Tangu siku hiyo hakuna pikipiki iliyopita mikononi mwake ikatoka na breki ya mbele. Uje kumwaga oili, uje kuziba pancha, uje kuomba upepo tu, kwanza kebo inachomolewa na kufungwa kwenye usukani, ndipo shida yako isikilizwe. Usidhani wateja walilalamika. Wengi waliamini vilevile, na wengine walitoka mbali kuja kwetu kwa ajili hiyo. Nami nilipoanza kushika spana, nikiwa na miaka kumi na minne, somo la kwanza lilikuwa hilo: pikipiki ikiingia, kebo ya mbele inatoka.

Mdogo wangu alikufa Jumatatu alfajiri akienda kazini. Lori lilisimama ghafla mbele yake kwenye mteremko. Breki ya nyuma peke yake ilichora mstari mweusi wa hatua ishirini na tatu. Nilizihesabu mwenyewe, na mwisho wa hatua hizo palikuwa na bampa la nyuma la lori. Siku ya mazishi nilimwambia Baba mbele za watu, "Umemuua wewe." Kuanzia siku hiyo hakushika tena spana. Mimi nikaona: nafsi inamsuta, na ninasema wazi kwamba nilifurahi. Nilichokuwa nakitaka kwake kilikuwa neno moja tu, "nilikosea," na kwa miaka sita nilimnyima maneno yote mengine mpaka alitoe. Chai nilimpa, chakula nilimpa, mazungumzo hapana.

Mjane wa mdogo wangu, wifi yangu, ni mwalimu. Mwaka huu walimhamishia shule ya mbali, akaja gerejini na leseni mpya mkononi, akaliondoa turubai lililoifunika pikipiki.

"Nitaipanda hii," alisema.

"Hii? Wifi, hii ni bibi kizee. Ilitoka Japani mimi sijazaliwa."

"Injini yake nzima, si nzima?"

"Injini itatuzika sote."

"Basi nataka breki ya mbele, Tyubu. Tena ya kweli."

Tyubu ndilo jina langu mjini. Nikipata tairi la ndani lililochoka nalikata vipande, na vipande hivyo ndivyo nafungia kila kitu: redio, mlango wa stoo, hata nywele zangu nikiwa kazini. Wateja husema siku nikifa nitafungwa sanda kwa mpira.

Nilimweleza kwamba breki yake ya asili ni ya dramu, na dramu ile hata ukiirudishia kebo ni ya kubembeleza. Unabana kwa vidole vinne na bado inafikiria. Akasema nimwekee ya diski basi, kama za pikipiki za siku hizi. "Au na wewe unaogopa kama yule?" Akaelekeza kidevu mlangoni, Baba alipokuwa ameketi kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Wifi alikuwa hamsalimii, na wajukuu hakuwaleta tena. Baba aliangalia barabarani kama hakusikia.

Nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu siku nne nikapata mguu wa mbele mzima wa pikipiki ya kampuni ileile, iliyotengenezwa miaka kumi baadaye, na rimu yake na diski yake. Nilijua hautaingia kirahisi. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ya zamani, ikawa inacheza kwenye beringi, kwa hiyo nikaenda kwa mchonga vyuma anitolee bushi, pete ya chuma ya kujazia nafasi. Ya kwanza ilibana, ya pili ilipwaya, akachonga ya tatu huku akinitukana kwa heshima. Kalipa, ile sehemu inayoikumbatia diski, ilikuwa imeshika kutu ndani. Niliiloweka, nikaisugua kwa msasa laini, nikaiwekea raba mpya na pedi mpya. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi kwa hasira safi namna ile. Kila bolti niliyokaza niliikaza kumkomoa mtu mmoja.

Naye hakukaa kimya. Siku ya tatu ya kufunga vyuma alisema kutoka kwenye kiti chake, "Unamtengenezea wifi yako jeneza la kisasa."

"La zamani si ulilitengeneza wewe?"

Mchonga vyuma, aliyekuwa ameleta bushi, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwake. Baba alijifuta mdomo kwa kiganja akarudi kuangalia barabara. Nilijisikia vizuri kama robo saa hivi.

Alhamisi mchana ikabaki kazi ya mwisho, kutoa upepo. Breki ya diski inasukumwa na mafuta, na mafuta yakiwa na hewa ndani, mkono wa breki unazama bure kama kubana sifongo. Mmoja anabana juu, mwingine anafungua kinati kidogo chini kwenye kalipa, hewa inatoka, anakifunga kabla wa juu hajaachia. Nilijaribu peke yangu. Mkono mmoja juu, mwingine chini, jicho kwenye chupa ya mafuta. Mara tatu hewa ikarudi ndani, mara ya nne nikairusha spana ukutani.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Baba alisema.

Nilidhani ananicheka. Nilipogeuka alikuwa ameshasimama kwenye usukani, mkono wake uko kwenye breki ya mbele. Miaka sita hakuwa amegusa chombo humu ndani. Nikachuchumaa kwenye gurudumu bila kumshukuru.

"Bana," nikasema. "Shika. Shika hivyohivyo. Haya, achia."

Mapovu yalitoka kwenye bomba kama chungu kinachochemka. Bana, shika, achia. Kwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyekuwa namwamuru, na alitii vizuri kuliko mimi nilivyowahi kumtii yeye. Baada ya dakika kumi mafuta yakaanza kutoka matupu. Nikakaza kinati, nikasikia juu yangu mkono wa breki ukigota.

"Umekuwa mgumu," alisema.

Akaitoa pikipiki kwenye stendi, akaisukuma hatua mbili sakafuni, akabana kwa kidole kimoja. Pua ya pikipiki iliinama na gurudumu likasimama palepale. Akairudisha nyuma, akasukuma tena kwa nguvu zaidi, akabana tena. Alifanya hivyo mara tano au sita, na uso wake sikuuelewa.

"Hii ingemsimamisha," alisema.

Lilikuwa karibu kabisa na lile neno nililolingoja. Nilitakiwa nishibe. Badala yake nikataka zaidi, mtu mwenye njaa ya muda mrefu hana adabu.

"Hata ile ya dramu ingempunguzia mwendo," nikamwambia. "Kama usingeichomoa."

"Niliirudisha."

"Nini?"

"Niliirudisha, mwanangu. Wiki mbili kabla. Ulikuwa umefuata vipuri. Alikuja akaniambia kazini wamefundishwa udereva upya, mwalimu kawaambia breki ya mbele ndiyo breki. Tulibishana mpaka tukachoka. Mwishowe nikaona, mimi nina meno mawili pungufu, sina elimu zaidi ya hiyo. Nikamfungia kebo kwa mikono yangu. Tukawa tunaenda uwanjani jioni, anabana kidogokidogo, mimi nimesimama pembeni. Alikuwa ameshaizoea."

"Mwongo," nilisema. "Kebo ilikuwa imefungwa juu ya usukani. Watu wote waliiona."

Baba aliiegesha pikipiki taratibu, akahakikisha imesimama.

"Jumamosi aliiacha hapa umwage oili," alisema. "Akaja kuichukua Jumapili jioni, wewe hupo, ana haraka. Jumatatu katoka na giza."

Niliikumbuka Jumamosi hiyo. Nakumbuka pikipiki saba kwenye foleni na mteja mmoja aliyekuwa akinichekesha. Nakumbuka oili ilivyokuwa nyeusi na nilivyojiambia nitamkemea kwa kuichelewesha. Mkono wangu kwenye kebo siukumbuki. Pikipiki ikiingia, kebo ya mbele inatoka. Nani anakumbuka mara ngapi amepepesa macho? Mazoea yana taabu, watu husema, na mimi nilikuwa nikisema pia, nikiwasema wengine.

"Unaweza kuwa ulichomoa wewe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Mimi nafungia waya," Baba alisema. "Siku zote nafungia waya."

Nikatazama sakafuni. Kebo ilikuwa bado pale nilipoitupa, chini ya meza, na pembeni yake kipande cheusi cha tairi la ndani, chenye fundo langu, lile la kuzungusha mara mbili na kuchomeka ncha chini. Nilikuwa nimekikata mwenyewe wiki iliyopita nikaona mpira tu. Nikakiokota. Nikakaa kwenye debe la oili.

"Uliona lini?"

"Siku ileile walipoileta."

"Na ukaniacha nikusimange? Miaka sita, Baba? Mbele za watu?"

"Nilikuwa nimeshazika mmoja," alisema. Kisha, baada ya kutafuta kitu cha kufanya na mikono yake, "Na mkono huo nilikufundisha mimi."

Nilitaka kumshika miguu. Nilitaka pia kumpiga, Mungu anisamehe, kwa kunibebea mzigo bila kuniuliza na kuniacha niwe mbaya kiasi kile. Sikufanya lolote, kwa sababu wifi yangu aliingia muda huohuo, chaki bado kwenye mikono ya gauni, akampita Baba bila salamu kama kawaida yake.

"Imekwisha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akapanda, akaisukuma kwa miguu, akabana. Pikipiki ikasimama kama imegonga ukuta, naye akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu awe mjane. Halafu kikakatika. Akabaki ameishika ile breki, macho yamejaa maji.

"Kumbe iliwezekana," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Kitu kidogo hivi. Wifi, mwambie mzee wako, hii asije akaigusa."

Mpira ulikuwa kwenye ngumi yangu. Baba alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"Sitaigusa, mama," alimjibu mkwewe, akarudi kwenye kiti chake.

Wifi alinigeukia, akingoja niongeze neno langu la siku zote, maana sijawahi kupitwa na nafasi ya kumchoma mzee yule. Mjini kote nasifika kwa mdomo. Niliinama nikaokota kebo, nikaiviringisha, nikaifunga kwa kile kipande cha mpira, nikamwambia wifi yangu aende polepole, breki bado mpya.