Mke wa Nne wa Lori la Taka

Lori lenyewe Kulusum alikuwa hajaliona hata kwa mbali, lakini alishalipenda. Tangu asubuhi, akitembea kutoka upande wa Kyambogo kwenda jijini, alikuwa akiliona akilini likiingia polepole sokoni kwao, likilizoa lile jalala lililomeza kisima, moshi ukiisha na watoto wakiacha kukohoa. Jua lilikuwa limemlegeza, miguu ikijiendea yenyewe. Wallahi, mtu anaweza kuota huku kavaa viatu.

Mkobani alikuwa na barua. Yeye ndiye karani wa mji wao mdogo, na barua iliomba mji uwe mwanachama wa Umoja wa Taka, ambamo miji mitatu ilitumia lori moja.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akaisoma kwa kidole, akakwama.

"Mwanachama? Chama gani hii? Chama yote imekatazwa, mama, hujui?"

Ndoto ikamkatika. Mwaka juzi mumewe, Fadhul, aliulizwa swali hilo hilo. Akajibu kwa adabu, ukweli mtupu, wakamtia kwenye buti la gari, na mpaka leo hajarudi. Kulusum aliogopa, jamani, aliogopa sana, na juu ya hofu hasira ikampanda.

"Ah, afande, chama kitoke wapi? Lori ni moja, na lina miji mitatu tayari. Sisi tunaomba tu kuwa mke wa nne."

Askari akamkodolea macho. Kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akawaita wenzake nao wacheke. Akatoa kalamu, akalikata lile neno, akaandika juu yake "bibi ya nne".

"Pita, bi harusi!"

Kulusum akacheka nao. Alijichukia kwa kicheko kile njia nzima.

Katika ofisi ya jiji, karani aitwaye Ochan aliisoma barua, akawatupia jicho askari wawili waliokaa kwenye benchi nyuma ya Kulusum, akashusha sauti.

"Dada, bila neno lenyewe siwezi kuipokea. Liandike upya, na pembeni uweke jina lako."

Kulusum akaomba kalamu. Sauti za ofisi zikaenda mbali, kama zinavyomfikia mtu aliyezama majini. Akaandika mwanachama, herufi kwa herufi, bila haraka. Nyuma yake benchi likalia, askari mmoja akiinuka. Kulusum hakugeuka. Alikuwa hajamaliza kuandika jina lake.