Kaa Katika Shimo la Ndizi

Katika Kaisho nzima hapakuwa na kijana aliyejua joto kama Gaudiosus. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na waliomsikia hawakumbishia, kwa sababu rubisi ya kwao, pombe ya ndizi, ilisifiwa mpaka Nyakatuntu. Yeye ndiye aliyevundika ndizi za baba yake. Alichoma majani makavu shimoni mpaka kuta zikahema, akazoa majivu, akatandika majani mabichi, akapanga mikungu, akafukia. Kisha aliweka kiganja juu ya udongo akasema: bado, au akasema: tayari. Hakukosea. Na kijana asiyewahi kukosea ni mtu wa hatari.

Basi Mwalimu Stephania alipotafuta mtu wa kumwachia kaa wake, Gaudiosus alijitokeza kabla hajaombwa.

Mwalimu alikuwa mtu wa Pangani. Aliletwa kufundisha shule ya msingi mwaka wa themanini na sita, akashuka na godoro, sanduku la nguo na huyo kaa. Si kaa wa kula. Alikuwa mdogo wa kujaa kiganjani, akiishi ndani ya gamba la konokono wa baharini, gamba lisilo lake, akitembea nalo mgongoni popote aendapo. Mdogo wake Stephania ndiye aliyemwokota ufukweni, miezi michache kabla ya kufariki. Hilo Mwalimu hakumwambia kila mtu. Alimwambia Gaudiosus, na Gaudiosus akalibeba neno hilo kama cheo.

Kaa alikaa ndani ya kisanduku cha kioo ambacho zamani kiliwekewa maandazi katika mgahawa mmoja wa Omurushaka.

"Huku kwenu kuna baridi, na kiangazi kinakausha kila kitu," Mwalimu alieleza. "Kandili likae hapa, nje ya kioo, utambi chini. Mchanga uwe na unyevu. Kitambaa hiki ukiloweshe asubuhi na jioni. Ukiona kioo kinatoka jasho, ujue yuko salama. Kikikauka atakosa pumzi, maana anapumua kwa matamvua, kama samaki."

"Mwalimu, unamfundisha joto mtoto wa Mzee Rweyemamu?"

"Nakufundisha kaa. Joto likizidi ni baya kuliko baridi."

"Wewe nenda Bukoba kwenye semina yako. Utamkuta amenenepa."

Mwalimu akacheka. Gaudiosus alirudi nyumbani na kile kicheko kifuani, kisanduku mikononi, akipita katikati ya njia ili aonekane.

Theoneste, kibarua wa shamba lao, alimwona wa kwanza. "Naona umepewa mtoto ulee. Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Basi tumwite Shemeji."

Waliokuwa njiani wakacheka. Gaudiosus naye alicheka, ila masikio yalimwaka moto.

Mwanzoni alifuata kila alichoambiwa. Kisha upepo wa Julai ukaja na vumbi lake. Kitambaa kiliwekwa kibichi, kikakauka. Kioo kikawa kikavu. Kandili nalo, akilitazama, likamtia kinyaa: kijimoto cha kusomea, kweli kinamtosha nani? Na huku shimoni, hatua chache kutoka mlangoni, majani yalikuwa yakitoka jasho mchana kutwa. Jasho lenyewe aliloambiwa alitafute! Shimo lilikuwa bado halijafukiwa; akatoa mikungu miwili, akakiweka kisanduku mahali pake, akafunika kwa majani na udongo.

"Kaa naye anavundikwa?" Theoneste aliuliza.

"Kanyaga ndizi zako. Joto niachie mimi."

Sasa, shimo la ndizi halifunuliwi kabla ya wakati wake. Ukilichungulia, baridi inaingia, ndizi zinaiva upande mmoja na upande wa pili zinabaki ngumu kama kuni. Gaudiosus alilijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo hakufunua. Hakuchungulia hata mara moja. Aliheshimu shimo.

Alifunua asubuhi ya siku ambayo Mwalimu angerudi. Mvuke ulimpiga usoni, mtamu, mzito. Kioo kilikuwa kikitiririka maji. Ndani, gamba lilikuwa limelala ubavu, tupu. Kando yake kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona: mbele ni kaa, nyuma ni kijinyama laini, cheupe, kilichojikunja kama funza. Alikuwa ametoka. Alikuwa uchi. Gaudiosus aligeuza uso haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkubwa wake anaoga.

Mguu mmoja wa kaa ulitikisika.

Alikipeleka kisanduku sebuleni, akawasha kandili, akalowesha kitambaa, akajifanya kwamba hakuna jingine lililotokea. Mzee Rweyemamu alikuwa ameketi pale. Theoneste alisimama mlangoni, anajua. Mwalimu aliingia na vumbi la safari, akamwamkia mzee shikamoo, akainama kwenye kioo.

"Ametoka kwenye gamba. Gaudiosus, nini kimempata?"

"Baridi," alisema. Neno lilitoka lenyewe. "Baridi kali, Mwalimu. Nimehangaika naye."

Theoneste akatazama miguu yake.

"Ni kosa langu," Mwalimu akasema. "Sikupaswa kumwacha. Nimekutwisha mzigo usio wako. Nisamehe."

Gaudiosus akanyamaza.

Mwalimu akapandisha utambi, akasogeza kandili mpaka likagusa kioo, akavua kitenge cha mabegani akafunika juu ili joto lisitoke. Yule kaa akaanza kujikokota. Alikuwa akienda kona ya mbali, akiburuza kile kijinyama juu ya mchanga, akikimbia taa.

"Bado ana baridi, maskini," Mwalimu alisema, akaizungusha taa upande ule.

Theoneste alikohoa.

"Ondoa taa," alisema Gaudiosus.

"Kwa nini?"

"Haikuwa baridi. Nilimweka shimoni, pamoja na ndizi. Nimemuunguza kwa joto."

Mwalimu alizima kandili. Hakupaza sauti. Alitoa kitenge, akaomba maji ya mtungi, akanyunyiza mchanga kwa vidole, akalilaza gamba karibu na kaa, mdomo ukimwelekea. Wote wanne walitazama. Kaa alilipapasa, akaliacha, akalipapasa tena. Hatimaye akarudi kinyumenyume, akaingia, likabaki gando moja mlangoni.

Gaudiosus alishusha pumzi. "Mwalimu, ameingia."

"Nilikuomba radhi," Mwalimu alisema. "Umenisikia nakuomba radhi, ukanyamaza."

Mzee Rweyemamu, aliyemsifia mwanawe katika kila kilabu cha pombe, aligeuka akatazama dirishani. Mwalimu akakinyanyua kisanduku. Gaudiosus alinyoosha mikono amsaidie. Mwalimu akakihamishia ubavu wa pili. Theoneste ndiye aliyempisha, akasema, "Pole, Mwalimu," bila utani wowote. Mwalimu akatoka, na Gaudiosus akabaki amesimama mbele ya baba yake, mikono bado mbele, asijue aishushe lini.