Theluji Iliyorudishwa Njiani

Shangazi Marlys alitoa masharti yake Jumapili baada ya ibada, akiwa amesimama jikoni kwa Babu.

"Baba, una miaka themanini na mmoja. Mwaka jana ulidondoka na sepeto mkononi, ukalala pale njiani nusu saa nzima."

"Nilikuwa napumzika," Babu Orrin akasema.

"Ulikuwa unapumzika huku kifundo kimeteguka. Sasa sikiliza. Theluji kubwa ya kwanza ikianguka, nakuja. Nikikuta njia umeisafisha mwenyewe, bila sepeto na bila msaada wa mtu, nanyamaza. Ukishindwa, unahamia Mierezi. Wamekuwekea chumba mpaka Krismasi."

Mierezi ni jengo la wazee kule mjini, lenye zulia la kijani na ratiba ya kuimba. Nyumba ya Babu aliijenga mwenyewe, msumari kwa msumari, na Bibi alifia kwenye chumba kinachotazama bustani. Babu alikizungusha kikombe chake mezani.

"Sawa basi," akasema. Kwetu Minnesota maneno hayo huweza kumaanisha ndiyo, hapana, au kwaheri.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwezi wa tano na nilikuwa nikiishi naye, nikiandika barua za kuomba kazi ambazo sikuzituma. Kwa hiyo nilikuwepo kesho yake alipokiingiza gereji kitrekta chake cha kukatia nyasi, akakitoa lile sanduku la visu tumboni, akabaki anazitazama ndoano zilizokuwa zimelishikilia.

"Bamba la kusukumia theluji litafungwa hapa," akasema. "Nafasi tupu kama hii haikuachwa bure."

Madukani yapo mabamba ya kusukumia theluji yaliyo tayari, na karatasi ya maelekezo ndani. Lakini kwa Babu na wenzake, kununua kitu kilicho tayari wakati unayo mashine ya kuchomelea ni tabia inayokaribia wizi. Alilitoa nyuma ya banda tangi la kuchemshia maji lililokufa miaka kumi na moja iliyopita. "Nilijua litapata kazi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Alilipasua kwa urefu, na kweli mpindo wake ulikuwa uleule unaotakiwa ili theluji ijiviringe na kuangukia pembeni. Mbavu za kulitia nguvu alizikata kutoka kitanda cha utotoni cha Shangazi Marlys, na sikuthubutu kumuuliza kama alifanya makusudi. Springi zilitoka kwenye mlango wa gereji, ili bamba likigonga jiwe liiname lenyewe badala ya kumrusha dereva. Nyuma ya kiti alifunga mifuko minne ya chumvi kwa ajili ya uzito, na matairi akayavisha minyororo.

Jaribio la kwanza, kwenye nyasi kavu, bamba lilizama ardhini na kuchimba mtaro wa kutosha kupanda viazi. Babu alilitazama kwa muda mrefu.

"Halina viatu," akasema, akarudi gereji, akalichomelea vipande viwili vya chuma chini ili ukingo wake usiguse udongo.

Mashine ilikuwa tayari. Tatizo lililobaki lilikuwa Delmar Skogen.

Delmar, jirani yetu, ana gari kubwa lenye bamba la kiwandani. Theluji ikianguka huamka alfajiri, akasafisha njia za nusu ya mtaa na kuondoka kabla hujapata nafasi ya kumshukuru. Ukimshukuru hutazama mawingu. Wanawake humwachia sahani za keki kwenye kiti cha gari, nao bila neno. Kumwambia Delmar asije ni sawa na kumtupia hiyo sahani usoni.

"Si umwambie tu, Babu?"

"Nimwambie nini?"

"Asije."

Alinitazama kana kwamba nimependekeza tuchome kanisa. Hata hivyo Jumamosi tulikwenda.

"Karibuni kahawa," Delmar akasema mlangoni.

"Tunapita tu," Babu akasema.

"Ipo tayari."

"Tusikusumbue."

"Imeshachemka, mzee."

"Labda nusu kikombe."

Tulikunywa vikombe vitatu kila mmoja. Tulizungumzia mahindi, bei ya mbolea, na binamu fulani aliyehamia Arizona na kuharibika tabia. Hatimaye Babu alikohoa.

"Mwaka huu nina kitu cha theluji."

"Nimesikia. Kinafanya kazi?"

"Si kibaya."

"Vizuri. Itakuwa msaada."

Saa ya ukutani ikagonga mara kadhaa. "Kwa hiyo," Babu akasema, "nadhani mwaka huu mtu anaweza akalala kidogo asubuhi."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote tu."

Delmar alifikiri. "Mimi silali sana. Mgongo."

"Ee," Babu akasema kwa huruma. "Mgongo."

Njiani kurudi alisema anadhani Delmar ameelewa. Mimi, mwenye shahada ya fasihi, nilisema naona hivyo pia.

Theluji ilianguka usiku wa kuamkia Alhamisi, ikafika magotini. Saa kumi na moja alfajiri Babu alikuwa tayari na buti miguuni. Alichungulia dirishani, kisha akakaa polepole. Njia yetu ilikuwa safi mpaka kwenye kokoto, kingo zake zimenyooka kama shuka la hospitali. Taa za gari la Delmar zilikuwa zinayoyoma nyumba ya nne.

Shangazi alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko barabarani, atafika saa mbili.

"Unaweza kunyamaza tu," nikamwambia. "Ataona njia ni safi. Delmar hatasema kamwe."

"Naweza," Babu akasema. Akainuka, akavaa kofia, akatoka. Nilidhani amekwenda kutafuta maboksi ya kuhamia. Kisha nikasikia injini.

Nilipofika nje alikuwa ameliegemeza bamba kwenye lundo la theluji la Delmar na alikuwa akilisukuma kurudi katikati ya njia.

"Babu, unafanya nini?"

"Naanza upya."

Nikachukua sepeto, nikamsaidia kujaza. Saa mbili kasorobo tulikuwa tumefika theluthi mbili, kazi ya kuridhisha kabisa, gari la Shangazi liliposimama barabarani. Alikuja kwetu na uso ambao watu huuweka kwa ajili ya wodini.

"Baba," akasema taratibu, yeye ambaye hajawahi kusema kitu taratibu. "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na unafanya nini, Baba?"

"Naweka theluji."

Shangazi akanigeukia mimi. "Imeanza lini hali hii?"

Hapo Delmar naye akafika, akashuka garini akijikuna kisogo. "Nilidhani nimeshapita hapa," akasema.

Babu alitazama mawingu. Delmar akayatazama pia. Nikaona wazi kwamba Babu yangu ataishi juu ya lile zulia la kijani mpaka afe, ili mradi jirani asijisikie vibaya. Maneno yalinitoka yakigongana.

"Delmar, wewe ndiye uliyesafisha. Babu alitakiwa asafishe mwenyewe, la sivyo anahamishwa. Tulikuja kwako kukuomba usije, tukashindwa, tukanywa kahawa. Ndiyo maana ameirudisha. Tafadhali usimsaidie tena."

Delmar aliiva uso mpaka shingoni.

"Mngesema tu," akasema.

"Hatukutaka kukusumbua," Babu akajibu.

"Si usumbufu."

"Najua si usumbufu."

"Basi isafishe," Shangazi Marlys akasema. "Naangalia."

Matairi yalizunguka palepale kwa muda, kisha minyororo ikauma. Theluji ilijiviringa mbele ya bamba na kumwagikia kushoto. Karibu na mti wa mpaka liligonga mzizi, springi zikalia, bamba likainama na kunyanyuka tena, na Babu hakutikisika kitini. Alikwenda na kurudi dakika ishirini na tano. Delmar alisimama na mikono mifukoni. Mara mbili alipiga hatua kuelekea garini mwake, mara mbili akajirudisha. Nimeona watu wakiacha sigara kwa mateso madogo kuliko yale.

Babu alipozima injini, kingo zilikuwa zimepinda huku na huko.

"Si mbaya," Delmar akasema, na masikio ya Babu yakawa mekundu kwa fahari.

Shangazi hakusema neno. Aliingia jikoni, akapiga simu Mierezi. Babu alibaki mlangoni, glavu zikidondosha maji, hakukaa.

"Habari za asubuhi. Ndiyo, imeanguka nyingi. Hapana, chumba ni kizuri mno. Baba anawashukuru sana. Nilikuwa nawaza labda yupo mtu anayekihitaji zaidi..."

Ilipita robo saa. Mwenzake wa upande wa pili, naye mtu wa hukuhuku, alielewa kwamba tunaona haya kukipokea, akajitolea kutuwekea mpaka Pasaka. Shangazi alifumba macho.

"Hapana," akasema. "Msikiweke. Baba anabaki kwake."

Akakata simu, akaketi kama mtu aliyetoka kumtukana mchungaji. Babu akavua glavu, moja baada ya nyingine, akazitundika juu ya jiko zikauke.