Pindo la Kukua

Fundi wa nguo wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, hanunui karatasi ya pateni, ule mchoro wa kukatia nguo. Gazeti kuukuu lipo, mkasi upo, vimetosha. Basi Jumamosi moja ya Januari, mwaka wa tisini na tisa, Triza alitandaza gazeti la miezi minane iliyopita mezani, akashika tepu, akaanza kumpima Nasike, binti yake wa miaka tisa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Miaka tisa, jamani! Fundi anayepima watoto wa mtaa mzima!

Msimcheke. Triza na Javan walioana wakiwa watoto, yeye kumi na saba, Javan kumi na tisa. Leo ngumi, kesho vicheko. Kukaa pamoja hawawezi, kuachana hawawezi. Kukhu, yaani nyanya, mamake Javan, alikuja kutoka Bungoma akakuta mtoto wa miezi sita analia kitandani huku wazazi wanarushiana sufuria. Alimfunga mtoto mgongoni.

"Mkikomaa mtanitafuta," alisema, akaenda zake.

Walikomaa, mbona! Javan alipata kazi kiwandani, sufuria zikatulia. Lakini mtoto alikuwa ameshajua mama yake ni nani. Kukhu ndiye aliyeitwa Mama, na huyu wa Nairobi anayetuma gauni kila Krismasi akaitwa Anti. Gauni lenyewe Triza alilikata kwa mwili wa Tiffany, binti ya jirani yake Wacera, kisha akaacha pindo pana, vidole vinne vizima. Mtoto wa mbali hukua bila kukuambia.

Safari hii Kukhu alikubali Nasike aje likizo. Wiki tatu ziliisha kwa Anti hivi, Anti vile, na kesho ndiyo siku ya basi la kurudi Bungoma. Triza alitamani kumwambia akae.

"Mwambie basi!" Wacera alimfokea asubuhi hiyo. "Utakaa na hilo neno kooni kama mwiba wa samaki?"

"Na akikataa?"

Sasa Nasike alikuwa ameinamia meza, mkono mmoja hewani.

"Anti, hapa wameandika habari za nyota."

"Soma. Lakini mkono usiushushe."

Akasoma, kidole kikifuata mistari. Wataalamu wa Marekani walidhani wameona nyota mbili changa, pacha, zinazungukana kwa vurugu, na karibu nazo kitu kama sayari. Huenda nyota hizo ndizo zilizoitupa, sasa inakwenda peke yake gizani.

"Ilikosa nini?" Nasike aliuliza.

"Nani?"

"Sayari. Mbona zikaitupa?"

Tepu ilisimama. Triza angeweza kusema sijui, mambo yakaishia hapo.

"Haikukosa kitu," alisema. "Hata kidogo. Si umesoma mwenyewe? Nyota zilikuwa changa. Hazikujua kushika kitu."

"Na sasa zimekomaa?"

"Zimekomaa."

"Inaweza kurudi?"

"Tazama hapo chini."

Hapo chini hapakuwapo. Mkasi ulikuwa umeshapita, habari iliyobaki imekatwa pamoja na shingo ya gauni, vipande vimetapakaa sakafuni. Nasike akamtazama, anangoja.

"Gazeti sijui lilisemaje," Triza alisema. "Mimi ningetaka irudi. Ningetaka sana. Ningetaka hata kesho isiende."

Mtoto aliinama akaokota kipande cha gazeti sakafuni. Triza alijilaumu, akashika chaki, akalaza pateni juu ya kitambaa na kuchora upesi upesi ili machozi yasionekane. Chini kabisa alichora mstari wa pili, vidole vinne kutoka wa kwanza.

"Hiki kipande ni cha nini?"

"Pindo. La kukua."

"Ahaa! Mama hulifumua kila mwaka," Nasike alisema. "Anakaa mlangoni na sindano. Anasema Anti wako ana akili."

Lile neno Mama lilimchoma Triza, lakini alitabasamu.

Nasike akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akaufuta mpaka chaki ikamjaa mkononi.

"Gauni hili usiliachie pindo."

"Litakuwa fupi, magoti yatakutoka nje!"

"Si nitakuwa hapa? Utanipima tena."

Triza hakuuliza mara mbili. Alichukua mkasi akakata kwenye mstari wa kwanza, vile vidole vinne vya kitambaa vikaanguka chini.